Mguu mbovu si ruhusa ya kugongwa!

Hivi, ndugu msomaji, mguu uliowahi kuvunjika ni mguu wa bure? Nauliza kwa sababu ya jirani yangu hapa Mikocheni, kijana mbeba mizigo. Aligongwa na gari akivuka Barabara ya Mwai Kibaki, na leo anatembelea magongo.

Alipokwenda kudai fidia kwenye bima ya gari lile, ofisa alimuuliza: “Umewahi kuumia mguu huu?” Kijana hakuficha. Aliuvunja miaka sita nyuma kwenye mpira wa mchangani, akapona, akarudi kwenye magunia. “Basi ulikuwa mbovu tangu zamani,” akaambiwa. Akasukumiwa karatasi ya kusaini na vijisenti vya soda.

Danganya toto hiyo! Mwaka 1901 kule Uingereza, katika kesi ya Dulieu dhidi ya White, Jaji Kennedy alieleza kwamba aliyemgonga mtu kwa uzembe hawezi kujitetea eti mtu huyo angeumia kidogo kama asingekuwa na fuvu jembamba au moyo dhaifu. Ukimgonga mtu, umemgonga kama alivyo. Na wasituambie hayo ni ya Wazungu: sheria zetu zimepokea misingi ya sheria ya Uingereza iliyokuwapo hadi 22 Julai 1920. Au urithi wa mkoloni hukumbukwa pale tu unapowafaa wakubwa?

Tuwatendee haki hata wenye bima. Jeraha la mpirani si deni lao. Walipe kile gari lilichoongeza. Lakini mtu aliyekuwa akipandisha magunia kwenye lori, leo ngazi tatu zinamshinda. Hicho ndicho kidogo?

Makabwela wenzangu, msifiche maradhi ya zamani. Uongo ukifichuka, hata ukweli wenu hautaaminiwa. Pelekeni kadi za hospitali zinazoonyesha mlikuwa mmepona. Chukueni PF3 polisi. Msisaini msichokielewa, maana ukikiri kwamba umelipwa yote, unajifungia mlango mwenyewe. Wala msilale: kesi ya kudai fidia ya uzembe ina miaka 3 tu ya kufunguliwa mahakamani.

Jirani yangu bado hajasaini. Njaa inamsukuma asaini, nasi majirani tunamchangia unga ili asisaini. Bima ya magari ni ya lazima kisheria. Kwa nini kulipa kuwe hiari?