Zawadi ya Kampuni na Deni la Haki



Siku moja ya Jumamosi lori la mgodi lilishusha mabati 60 mbele ya kanisa la kigango kimoja huko Kanda ya Ziwa, na Jumapili yake zawadi hiyo ikatangazwa baada ya Komunyo. Palikuwa na makofi na vigelegele. Mwakilishi wa kampuni, kijana mwenye adabu, alisema maneno machache akarudi kuketi benchi la mbele. Mwandishi wa tahariri hii alikuwapo, tena ndiye aliyesimama kutoa neno la shukrani, kwa kuwa alikuwa katibu wa Halmashauri ya Walei. Katika mkoba wake siku hiyo ilikuwamo barua iliyokwisha kupigwa chapa na kutiwa sahihi na familia 17, ambazo mashamba yao yalithaminiwa miaka mitatu nyuma ili kuupisha mgodi, na hazikuwa zimepata hata senti moja ya fidia. Barua ilikuwa ipelekwe Jumatatu kwa kampuni ile ile, na nakala kwa Mkuu wa Wilaya.

Haikupelekwa. Hakuna aliyeizuia, wala hakuna aliyetishwa. Ilionekana tu kwamba si uungwana kupokea kwa mkono wa kulia na kudai kwa mkono wa kushoto. Kampuni hiyo hatuitaji jina, maana kosa la Jumatatu ile lilikuwa letu.

Tunaandika habari hii kwa sababu mambo ya namna hiyo hutokea mahali pengi penye migodi, mashamba makubwa na viwanda vya wageni, na viongozi wa jumuiya ndogondogo hutuuliza: Je, tupokee au tukatae? Swali ni zuri, lakini hatuwezi kulijibu kabla ya kufahamu mgeni huyu hufikiri namna gani.

Kampuni ya kimataifa si shetani, wala si Msamaria Mwema. Ni fedha za watu wengi zilizounganishwa, wakiwamo wastaafu wa Kanada na Uingereza wasiojua Kahama iko upande gani wa dunia, na wakuu wake hupimwa hasa kwa jambo moja: fedha hizo zimezaa kiasi gani. Kabla ya kuja, huweka nchi kadhaa mezani na kuzilinganisha. Huangalia wingi wa madini, umeme, barabara, kodi, uhuru wa kuhamisha faida, na mahakama itakayoamua ugomvi ukitokea. Katika kulinganisha hakuna dhambi. Mama aendaye sokoni hufanya vivyo hivyo. Jambo hugeuka pale mnunuzi anapotambua kwamba muuzaji ana njaa, akapanga bei kwa kuipima njaa hiyo.

Nasi tulikuwa na njaa. Sera ya Madini ya mwaka 1997 na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ziliandikwa wakati nchi nyingi za Afrika, kwa ushauri wa Benki ya Dunia, zilikuwa zikigombea wawekezaji wale wale. Ghana ilikuwa imekwisha kubadili sheria yake tangu 1986. Tukawa kama wachuuzi wa machungwa stendi, kila mmoja akishusha bei kabla basi halijasimama. Mrahaba wa dhahabu uliwekwa asilimia 3. Mgeni aliruhusiwa kumiliki mgodi mzima peke yake. Mitambo iliingia kwa nafuu kubwa ya ushuru, na gharama za mtaji ziliruhusiwa kukatwa zote kwanza kabla ya kuhesabu faida ya kutozwa kodi. Halmashauri za wilaya, ambazo kwa sheria zingeweza kudai ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, zilikuta mikataba imezifungia kwenye dola 200,000 kwa mwaka. Mikataba yenyewe ilikuwa siri. Hata wabunge walihangaika kuiona, seuze mwenyekiti wa kijiji.

Hivyo ndivyo ulivyofunguliwa mgodi wa Golden Pride huko Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990, ukafuata Geita mwaka 2000, na North Mara mwaka 2002. Katikati yake, mwaka 2001, ulianza mgodi wa Bulyanhulu, mahali ambapo Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa.

Wako wasemao kwamba tungedai zaidi, wasingekuja. Huenda. Lakini Botswana ilianza na De Beers mwaka 1969 kwa hisa za asilimia 15 tu, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 serikali yake ilikuwa mbia wa nusu kwa nusu, na De Beers haikufungasha virago. Ni kweli kwamba almasi za Botswana zilikuwa nono, na mnunuzi alizihitaji kupita kiasi. Hata hivyo jambo hilo linatufundisha kwamba kampuni hustahimili masharti magumu mahali penye mali, mradi masharti yajulikane mapema na yasibadilike kila asubuhi.

Sasa tutazame hesabu, maana hapo ndipo wengi wetu huchoka na kugeuza ukurasa. Mgodi unaweza kuchimba mwaka hata mwaka, magari yakatoka usiku na mchana, na bado katika vitabu ukaonekana una hasara. Hukopa kwa kampuni dada iliyoko nje na kulipa riba. Hununua huduma za uongozi na vipuri kwa ndugu zake wengine. Na hasara ya mwaka huu huhamishiwa mwaka ujao. Mengi ya hayo yanaweza kuwa halali kabisa. Kampuni ya African Barrick Gold, iliyoitwa baadaye Acacia, ilikuwa na hisa katika soko la London na migodi yake yote ikiwa Tanzania. Kati ya 2010 na 2013 iliwapa wanahisa gawio la dola kama milioni 412. Mamlaka ya Mapato ikahoji: gawio hilo limetoka wapi, ikiwa kampuni zake za hapa nchini zinaonesha hasara? Kampuni ilikana kudaiwa. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kwamba inadaiwa kodi ya dola zaidi ya milioni 41, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2020. Kwa fedha hizo yangenunuliwa mabati ya vigango vyote vya kanda yetu, na zahanati juu yake, bila mtu kutoa hotuba ya shukrani.

Tusijidanganye kwamba upande wetu umekuwa na busara daima. Mwaka 2017, baada ya kuzuia makinikia yasisafirishwe, serikali ilitoa hati ya madai ya dola bilioni 190 kwa Acacia. Nchi nzima ilishangilia. Mapatano yaliyotiwa sahihi Januari 2020 yalikuwa ya dola milioni 300, pamoja na hisa za asilimia 16 kwa serikali na mgawanyo wa nusu kwa nusu wa manufaa ya kiuchumi, chini ya kampuni mpya ya Twiga. Mapatano hayo yana mema mengi kuliko mikataba ya zamani. Lakini waliopiga kelele kwa ile namba ya kwanza ni wachache waliouliza habari ya namba ya pili, na haki haijengwi kwa kushangilia namba.

Katika mageuzi hayo ya 2017 limo jambo moja dogo ambalo twaliona kubwa kuliko yote kwa waamini wa vijijini. Mrahaba ulikuwa umepanda hadi asilimia 4 kwa sheria ya 2010, na sasa ukapanda hadi asilimia 6. Hayo yalitangazwa sana. Lakini sheria pia ilimlazimisha mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya mahali pale, nayo halmashauri isimamie utekelezaji na kuwaelimisha wananchi juu ya miradi hiyo. Maana yake ni kwamba darasa, kisima au zahanati iliyomo katika mpango huo si msaada tena. Ni wajibu wa kisheria, kama kodi. Hata hivyo vibao vyaendelea kuandikwa „kwa msaada wa”, na viongozi wetu waendelea kukata utepe na kushukuru kama watu waliookotwa njiani.

Zakayo alipomkaribisha Bwana nyumbani kwake alitamka mambo mawili, wala hakuyachanganya. Nusu ya mali yake kwa maskini: hiyo ilikuwa sadaka. Mara nne kwa kila aliyemdhulumu: hilo lilikuwa deni. Asingeweza kumwambia mjane aliyetozwa kupita kiasi kwamba ameshalipwa, kwa kuwa maskini wa mtaa wa pili wamegawiwa nafaka.

Basi, tupokee au tukatae? Hatuwezi kumshauri mzazi akatae darasa wakati mwanawe anaketi chini. Mtoto hasubiri tahariri. Tunachoomba ni kwamba, kabla ya kupokea, viongozi wa walei waende ofisi ya halmashauri waombe kuuona mpango wa mwaka huo. Kitu kilichomo kipokelewe na kukaguliwa kama fundi akaguliwavyo, na kisichokuwamo kiandikwe kuwa ni zawadi, kwa tarehe na thamani yake. Pili, siku ya kupokea, yule anayetoa shukrani asome pia madai yaliyo wazi ya wanakijiji, mbele ya mgeni, kwa heshima na bila jazba. Mgeni mwungwana hataudhika. Akiudhika, tutakuwa tumejua bei ya zawadi yake.

Kuhusu mabati 60 yale, hatukuyarudisha. Yamekwisha kugongewa misumari na mvua za vuli mbili zimeyapitia. Barua imeandikwa upya kwa majina ya familia zile zile 17, ingawa katika mbili kati yake sahihi sasa ni za wajane. Imepelekwa kwa mkono, na nakala yetu ina muhuri wa mapokezi. Majibu bado hayajafika.