Mji Sitoi

Wapo watu wazima hapa Karema, tena watu wa heshima zao, wanaoamini kwamba kompyuta ikiandika barua ni elimu na ikichezewa ni uhuni. Katika chumba kimoja cha kompyuta, ambacho sitakitaja, vijana walifutiwa michezo yote kwa siku moja, wala hakuna aliyeuliza upi ni upi. Nasema walikosea. Nitachukua mmoja tu kati ya ile iliyofutwa, Portal 2, uliotolewa na kampuni ya Valve ya Marekani mwezi Aprili 2011.

Ndugu msomaji, hata kama hujawahi kugusa kompyuta, nifuate. Mchezo huu unauona kwa macho ya mhusika mwenyewe, mwanamke aitwaye Chell, asiyesema hata neno moja. Amefungiwa katika jengo kubwa la majaribio, chumba baada ya chumba, na kila chumba kina mlango usiofikika kwa njia ya kawaida. Bunduki aliyo nayo haiui. Inatoboa matundu mawili, moja la buluu na moja la rangi ya machungwa. Ukiingia hapa unatokea pale, hata kama pale ni darini. Na kasi uliyoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Jiangushe kutoka juu uingie tundu la sakafuni, utarushwa kutoka tundu la ukutani kama jiwe la manati, uvuke shimo ambalo miguu isingelivuka kamwe. Zipo kuta zinazokubali kutobolewa na zipo zinazokataa. Mtoto huelewa sheria hizo kwa nusu saa, na bado chumba kimoja chaweza kumfanya akeshe.

Kitu hicho sisi tunakijua: ni kitendawili. Mtegaji hakufichi neno, yote kakupa. Kinachokuzuia ni mazoea ya macho yako. Anayesikia habari za nyumba isiyo na mlango akaanza kumtafuta seremala, hatalipata yai. Wazee waliotutegea jioni walikuwa wakinoa akili zetu, nao hawakuitwa wahuni. Leo mjukuu wao anategwa na mashine, eti amepotea!

Wapo pia wajuzi kidogo wanaodai kwamba mchezo wa pili siku zote ni ujanja wa mfanyabiashara, chai ileile iliyoongezwa maji. Kwa michezo mingi sitabishana nao. Lakini wa kwanza, Portal wa mwaka 2007, ulikuwa mfupi, wa kumalizwa kwa siku moja. Ulitokana na kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen, Narbacular Drop ya mwaka 2005, ambao Valve iliwaajiri. Kwa ajili ya mchezo wa pili kampuni ilikwenda chuo kilekile ikawachukua wanafunzi wengine, waliokuwa wamebuni mchezo wa kupaka rangi uitwao Tag. Rangi zao ndizo zilizoupindua mchezo: ya buluu hukudundisha, ya machungwa hukuongezea mbio, na nyeupe huufanya ukuta uliokataa matundu uyakubali. Kwa hiyo sheria uliyodhani umeimaliza inaulizwa upya. Ipo pia sehemu ya wachezaji wawili, roboti wawili wenye matundu manne, ambapo mmoja hafiki popote bila mwenzake. Nimewaona vijana wawili wakibishana juu ya chumba kimoja, wakichora kwa kijiti mavumbini. Hiyo ni jiometria, na hakuna aliyewalazimisha.

Hadithi yake nayo ina meno. Wheatley, mashine mpole na mropokaji anayekusaidia kutoroka, akishawekwa tu kwenye kiti cha utawala hugeuka dhalimu. Na GLaDOS, adui wa zamani, anageuzwa mashine inayoendeshwa na umeme wa kiazi (ndiyo, kiazi!), nawe unambeba kwenye bunduki yako mpaka mnakuwa wa upande mmoja. Mtu mzima aliyewahi kuona kamati ikipata mwenyekiti mpya atacheka, kisha atanyamaza.

“Ni mambo ya kigeni,” nimeambiwa. Karema hii! Ngome yake ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, ikakabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Adriano Atiman, aliyetibu watu wetu tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956, alizaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akasomea uganga Malta. Hakuna mgonjwa aliyekataa dawa yake kwa kuwa ilitoka mbali.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Waliofuta michezo waliiacha intaneti. Kijana hawezi tena kuucheza mchezo huu chumbani mle, lakini anaruhusiwa kukaa kutwa akitazama video ya mtu mwingine akiufumbua wote, chumba kwa chumba. Zamani aliyeshindwa kitendawili alidaiwa mji kwanza, ndipo akapewa jibu. Huyu anapewa majibu kabla hajategwa, na msimamizi anapita nyuma yake ameridhika, kwa kuwa kijana ametulia.

Anayetaka kunipinga namkaribisha. Jua likiwa zuri, kompyuta yangu huwa na chaji hadi saa mbili usiku. Acheze vyumba vitano vya mwanzo, asiangalie majibu popote, halafu tuendelee na mabishano.