Filamu za Wachezaji na Majina Yasiyo Yao

Tarehe 31 Agosti, 2012, kampuni ya NCsoft ya Korea ya Kusini ilitangaza kwamba itaufunga mchezo wa kompyuta uitwao City of Heroes, uliokuwa ukichezwa kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2004. Siku hiyo hiyo wafanyakazi wapatao 80 wa Paragon Studios, huko California, waliokuwa wakiuendeleza mchezo huo, walijua kwamba kazi hawana tena. Wachezaji nao wakaambiwa kwamba ule mji wa kubuniwa, ambamo kila mmoja alikuwa amejiumbia shujaa wake, akampa jina na kumvika joho, utazimwa kabla ya mwaka kwisha.

Wachezaji hawakukaa kimya. Zaidi ya watu 20,000 walitia sahihi ombi la kuuokoa. Tarehe 8 Septemba walikusanyika ndani ya mchezo wenyewe, mbele ya jumba la mji, mashujaa wao wakishika mienge, wengi hata uwanja mmoja usiwatoshe. Bibi Mercedes Lackey, mtunzi wa hadithi wa Marekani aliyekuwa mchezaji yeye mwenyewe, aliwaunga mkono. Silaha yao nyingine ilikuwa filamu fupi walizozitengeneza kwa mikono yao ili kuuonyesha ulimwengu ni kitu gani kinachouawa. Hizo filamu ndizo tutakazo kuzizungumza leo. Kwani filamu kama hizo zikienezwa, ni rahisi zipachikwe majina ya watu wasiozifanya, nalo ni kosa ambalo watetezi wa jambo jema hulitenda bila kulihesabu kuwa kosa.

Yafaa msomaji aelewe filamu hizi zilifanywaje. Mchezo ule ulikuwa na amri ya kurekodi ambayo haikupiga picha, bali iliandika katika faili kila mwendo wa kila shujaa: alisimama wapi, aligeuka lini, alisema nini. Mtu mwenye subira aliweza kulifungua faili hilo na kulihariri mstari kwa mstari, akambadili huyu mavazi, akamsogeza yule, kisha akalichezesha upya na kulinasa kama sinema. Hiyo si kazi ya dakika tano. Ni kazi ya kukesha baada ya kutoka kazini, tena kazi isiyo na mshahara.

Kazi ya namna hiyo yapotezaje jina? Kwa wepesi kabisa. Mtu huipenda filamu, akainakili, akaiweka mahali pengine ili wengi waione. Na mahali pale huonekana jina la aliyeiweka, si la aliyeifanya. Wa tatu huipokea akidhani wa pili ndiye fundi. Wa nne, kwa kuwa aona majengo na mashujaa wa kampuni, asema kwamba hilo ni tangazo la kampuni. Wote wana nia njema, na fundi amekwisha sahauliwa.

Wako watakaosema kwamba nyumba ikiwaka moto hakuna nafasi ya kuuliza ndoo ni ya nani, na kwamba wachezaji wale walikuwa na miezi mitatu tu. Hatukubaliani nao. Kuandika jina hakukawizi maji. Na tuseme filamu yenye maneno makali imehesabiwa kuwa ya mfanyakazi mmoja aliyeachishwa, ambaye hata hajaiona. Maskini huyo aenda kuomba kazi kwa tajiri mwingine, na maneno ya mtu asiyemjua yamemtangulia mlangoni.

Wachezaji wa mchezo huu hasa walikuwa na sababu ya kulijua jambo hili. Novemba 2004 kampuni ya Marvel iliwashtaki NCsoft na Cryptic Studios, watengenezaji wa kwanza wa mchezo, ikidai kwamba wachezaji walikuwa wakiunda mashujaa waliofanana na mashujaa wake. Picha zikapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Machi 2005 jaji aliamuru baadhi ya picha hizo ziondolewe, kwa sababu mashujaa walioonekana humo hawakuundwa na mchezaji yeyote: waliundwa na upande wa Marvel wenyewe! Kesi ilimalizika kwa mapatano Desemba mwaka huo. Hapo wachezaji walikuwa wamebebeshwa kazi wasiyoifanya. Mchezaji aweza pia kunyang'anywa kazi aliyoifanya.

Tena tusisahau nani alikuwa na nini. Mji ule na mitambo iliyouendesha vilikuwa mali ya kampuni, na ndiyo maana kampuni iliweza kuvizima kwa tangazo moja. Hata picha zilizomo katika filamu zilikuwa picha za mchezo wake. Alichokuwa nacho mchezaji ni ule ustadi wa kuzipanga, pamoja na jina la kuutambulisha. Kampuni haikumwondolea hilo la mwisho. Wanaoweza kumwondolea ni wenzake, waliosimama naye uwanjani wakishika mienge.

Mchezo ulizimwa tarehe 30 Novemba, 2012. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba wachezaji wachache walikuwa wakiuendesha kwa siri kwa miaka kadhaa, na Januari 2024 NCsoft ikawapa kibali kikundi cha wachezaji kiitwacho Homecoming. Kwa hiyo watu wamerudi, na filamu za siku zile zatazamwa tena na vijana ambao hawakuwapo. Twawaomba wale walio na nakala zake wasingoje. Mafundi wengi bado wako hai na kumbukumbu zao ni nzima. Waulizwe sasa nani alifanya ipi, na pale jina la kweli lisipopatikana, pasiandikwe jina lo lote.