Mvua ya arusini na lawama kwa bibi arusi

Msimu wa arusi na msimu wa kiangazi havijapata kuelewana katika nchi hii. Tazama miezi tunayoipenda: Aprili, Agosti na Desemba. Sababu yaeleweka. Shule hufungwa, watumishi wa mijini huchukua likizo, na jamaa walio mbali hupata nafasi ya kukutana nyumbani. Lakini Aprili ndiyo kilele cha masika katika sehemu nyingi za Kenya, Agosti ni mwezi wa mvua huko magharibi na wa baridi na manyunyu katika eneo la kati, nayo Desemba huja ikiburuta mkia wa vuli. Twachagua siku kwa kufuata kalenda ya shule, kisha twaduwaa mbingu zinapokataa kuifuata kalenda hiyo.

Hata hivyo, si mvua inayonikera bali maneno yanayoandamana nayo. Iko imani iliyoenea Afrika Mashariki kwamba msichana anayekula ndani ya sufuria, badala ya kupakuliwa sahanini, atanyeshewa siku ya arusi yake. Yamkini ilianza kama mbinu ya akina mama ya kuwafunza watoto adabu na kukilinda chakula cha wengine, na kwa kazi hiyo haina ubaya. Ubaya huja miaka ishirini baadaye, hema linapovuja na watu wazima, wengine wenye shahada, wakaanza kumtazama bibi arusi kwa jicho la upande. Sijasikia hata siku moja mtu akiuliza bwana arusi alikuwa akilia wapi utotoni.

Mwaka juzi nilihudhuria arusi moja huko Gusii. Ibada iliyopangwa kuanza saa nne ilianza saa saba, kwa kuwa msafara wa magari ulikwama matopeni. Ilipofika saa tisa alasiri, mvua ya mawe ikashuka. Hema lilikuwa na paa tu, halina pande. Shangazi mmoja wa upande wa bwana arusi akatamka, wala hakunong'ona, kwamba mwali huyu ameingia na mkosi, na kwa jinsi yule binti alivyoinamisha kichwa nilijua kwamba ameyasikia. Haukupita muda, mchungaji akasimama na kutangaza kwamba mvua ni baraka. Umati uleule, shangazi akiwemo, ukaitikia "Amina" kwa sauti moja.

Ikiwa mvua ni baraka, aliyeileta hawezi kuwa na mkosi. Ni lazima tuchague moja.

Lugha zetu zina busara kuliko minong'ono hiyo. Kwa Wamaasai, neno Enkai humaanisha Mungu, na neno hilohilo hutumika kwa mbingu na kwa mvua. Katika Kiswahili, kitenzi "nyesha" ni umbo la kusababisha la kitenzi kikongwe "nya". Wahenga walisema "mvua yanya". (Kitenzi hicho kimebakia na kazi nyingine isiyotajika mbele ya wageni, na ndiyo maana twakikwepa.) Umbo la kusababisha hudai mtendaji, yaani yuko anayeifanya mvua ishuke. Sarufi haimtaji, lakini sidhani kwamba iliwahi kumkusudia binti aliyekomba ukoko.

Neno jingine linalotutatiza ni "kutabiri". Asili yake ni Kiarabu, ambako lilihusu hasa kufasiri ndoto. Idara ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wake, huzungumzia uwezekano. Sisi twausikia kama ahadi ya nabii, na usipotimia twawaita wataalamu waongo. Ilhali mawingu ya ngurumo katika nchi za joto huweza kujijenga kwa saa chache tu na kulowesha kilima kimoja, kingine kikabaki kikavu. Linalojulikana vyema ni mwenendo. Katika nyanda za juu zilizo mashariki ya Ziwa Victoria, upepo wa mchana hubeba unyevu kutoka ziwani na kuupandisha milimani, na mvua aghalabu hunyesha alasiri. Anayefunga ndoa Kisii au Kericho saa tatu asubuhi amejipunguzia shaka kwa kiasi kikubwa bila kumwendea mganga.

Sisemi kwamba kila mvua ni ya kushangiliwa. Waliofiwa na jamaa zao Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024, maji yalipozoa nyumba alfajiri, hawawezi kuambiwa hayo. Lakini pia wako Wakenya wa kaskazini na mashariki waliokosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Kwa wafugaji hao, mahari ilifia malishoni. Ukitaka kujua jinsi anga linavyoweza kuharibu arusi, waulize wao kabla ya kumuuliza mwenye gauni lililoingia tope.

Basi kamati za arusi zina kazi. Nimeketi katika kamati kadhaa, na hujadili rangi ya vitambaa kwa majuma matatu na hema kwa dakika tano. Hema na liwe na pande. Njia ya kutoka barabarani itandikwe mbao. Miavuli na gambuti viwekwe tayari, hata kwa bibi arusi mwenyewe. Na tone la kwanza likianguka, msemaji wa upande wa bwana arusi asimame mara moja, amkaribishe mwali kwa jina lake mbele ya wote, kabla shangazi yeyote hajapata nafasi ya kufungua kinywa. Mweka hazina akiuliza fedha za hema la pili zitatoka wapi, napendekeza zitoke katika fungu la keki, ambayo siku hizi ina ghorofa nyingi kuliko nyumba watakayohamia maarusi.