Daftari la Wiki: Vazi la Mwaka 1895

Uigizaji wa historia, yaani desturi ya watu wa leo kuvaa, kubeba na kutumia vitu vilivyofanana na vya watu wa enzi fulani ili tukio la zamani lionekane upya, umestawi zaidi Ulaya na Marekani, ambako wapenzi wake hushughulika hasa na karne za kati, kipindi ambacho wanahistoria wa huko hukihesabu takriban tangu mwaka 500 hadi 1500. Anayetaka kutengenezewa deraya, yaani vazi la chuma la kujikinga vitani, kwa mfano wa mwaka 1361, ana mahali pa kuanzia: makaburi ya halaiki ya Visby katika kisiwa cha Gotland, nchini Sweden, ambamo wapiganaji wengi walizikwa wakiwa bado na deraya zao mwilini, hata mabamba na misumari yake ikaweza kuchimbuliwa, kupimwa na kuchorwa. Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, hazina karne za kati za namna hiyo, wala hakuna haja ya kuzibuni. Zina mwaka 1895, zina ngome ya Chetambe, na zina shule, vikundi vya utamaduni na waongozaji wa tamthilia ambao kila msimu wa mashindano hujikuta wakiuliza swali lile lile la watu wa Ulaya, kwamba vitu vya kuvaa na kushika vitatoka wapi, na nani atathibitisha kuwa ndivyo.

* * *

Chetambe iko kwenye vilima vilivyo juu ya Webuye, mji uliojulikana zamani kwa jina la Broderick Falls. Ngome za Wabukusu, ambazo kwa Kibukusu huitwa chingoba (moja ni lukoba), zilikuwa vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, vikiwa na milango finyu ambayo adui hakuweza kuipita ila mmoja mmoja. Na ile ya Chetambe inahusishwa pia na Watachoni, ambao jina lake limetokana nao. Mapigano ya 1895 yalizuka baada ya askari wa Kisudani waliotumwa kutoka Mumias kukomboa bunduki kwa Wabukusu kuuawa, ndipo C. W. Hobley, afisa wa serikali ya Waingereza ya Uganda, akapanda na jeshi lililoshambulia kwanza Lumboka, kisha Chetambe. Nchi hiyo wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda na haikuhamishiwa upande wa Kenya hadi mwaka 1902, kwa hiyo mwigizaji anayeingia jukwaani na bendera au beji yenye jina la Kenya amekwisha kukosea kabla hajatamka neno.

Kwa mtafuta vifaa, jambo kubwa katika habari hii ni kwamba jeshi la Hobley halikuwa la watu wa aina moja. Walikuwamo askari wa Kisudani, Waganda, na wapiganaji wa Nabongo, yaani mfalme, Mumia wa Wanga. Pamoja na watetezi wa ngome, tukio moja linadai makabati manne ya mavazi, na kosa la kawaida ni kuwapa watu wote vazi moja linaloitwa la asili, kana kwamba asili haikuwa na mipaka wala tarehe.

* * *

Mfano wa kosa hilo unaoonekana waziwazi kuliko yote ni sketi ya katani, ile ya nyuzi ndefu za mkonge zilizopakwa rangi na kufungwa kiunoni, ambayo leo haikosekani katika ngoma za shule za magharibi mwa Kenya na ambayo watazamaji wengi huiona kuwa vazi la mababu. Mkonge ni mmea wa Meksiko. Ulifika Afrika Mashariki mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, na iliyofika pwani ya Tanganyika ya baadaye ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Katika mwaka wa vita vya Chetambe, basi, mkonge wote wa ukanda huu ungali ni miche michanga ya shambani karibu na Pangani, na hakuna njia ambayo nyuzi zake zingeweza kufika kiunoni mwa Mbukusu. Wasafiri wa karne ya 19 wanataja kwa wanawake wa nchi waliyoiita Kavirondo mkia wa nyuzi za mimea ulioning'inia nyuma, lakini huo ulikuwa kitu kingine: ulikuwa mdogo, ulikuwa na maana yake katika hali ya mwanamke, na haukuwa sare ya wacheza ngoma wa kiume.

Haifuati kwamba sketi ya katani itupwe. Katika ngoma ya shule, ambayo ni sanaa ya leo, sketi hiyo ina historia yake halali ya miongo mingi. Tamasha la Muziki la Kenya lenyewe lilianza mwaka 1927, na vazi lililovaliwa jukwaani kwa vizazi kadhaa nalo ni urithi. Haifai tu kuvalishwa mtu anayesemwa kuwa amesimama nyuma ya ukuta wa Chetambe.

* * *

Mkuki ndio kifaa ambacho mafundi wa jua kali hukitengeneza kwa urahisi, na kwa sababu hiyo ndicho huharibiwa zaidi. Malighafi ya kawaida ni springi ya gari, chuma kigumu kisicho na uhusiano na kile kilichoyeyushwa zamani kwa makaa na mivukuto, kama walivyofanya wahunzi mashuhuri wa vilima vya Samia. Lakini tofauti hiyo haionekani kwa macho ya mtazamaji, na mwongozaji mwenye bajeti ya shule hana sababu ya kuilaumu. Kinachoonekana ni maungio. Katika mikuki mingi ya zamani, kikuku kinachopokea mpini kilifanywa kwa kufua bamba jembamba la chuma na kulikunja mpaka kingo zake mbili zikutane, hata ufa mwembamba ukabaki wazi kwa urefu wake. Fundi wa leo hukata kipande cha bomba na kukichomelea kwenye bapa, akaacha mshono wa mviringo unaong'aa, kisha akapitisha grainda juu ya ncha na kuacha mikwaruzo iliyolala upande mmoja. Fundi akiombwa kukunja badala ya kuchomelea, na kumalizia kwa tupa na jiwe badala ya grainda, kazi itamchukua muda zaidi na bei itapanda, lakini mkuki utastahimili kutazamwa kwa karibu. Kwa usalama wa waigizaji ncha haina budi kufanywa butu, na huo ni uongo ambao hakuna mwenye akili atakayeulalamikia.

* * *

Ngao ni taabu kubwa zaidi, maana hapa ukweli wa historia na sheria ya nchi vinapingana uso kwa uso. Ngao nzito za vita zilikatwa katika ngozi ya nyati, na baadhi ya mapambo ya kichwa na mabega yalitokana na mbega, yule kima mwenye manyoya marefu meusi na meupe ambaye bado anaishi katika misitu ya Mlima Elgon. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikafuatisha mwaka 1978 marufuku ya biashara ya nyara, yaani ngozi, pembe na viungo vingine vya wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya kuwa kosa kumiliki nyara yoyote bila kibali. Kipande cha mbega kilichorithiwa na kufichwa sandukuni kwa miaka mingi hakipati uhalali kwa sababu tu mwenyewe anakipeleka kwenye tamthilia.

Njia iliyobaki ni ngozi ya ng'ombe, ambayo katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, penye Kitale, haina uhaba, kwani kila machinjio hutoa ngozi na minada ya mifugo ni ya mara kwa mara. Ngozi mbichi hulowekwa, hukwanguliwa nyama na mafuta, huwambwa chini kwa vigingi na kuachwa ikauke taratibu kivulini, kwa maana jua kali huikunja na kuipasua. Kwa kuwa ngozi ya ng'ombe ni nyembamba kuliko ya nyati, mabapa mawili hushonwa pamoja kwa ukanda wa ngozi hiyo hiyo ili ngao ipate uzito unaoulazimisha mkono wa mwigizaji kushuka anapochoka. Na uzito huo una faida kubwa kuliko rangi yoyote, kwa sababu anayebeba ngao ya plaiwudi huirusharusha kama sinia, na hapo mchezo wote huonekana kuwa wa watoto. Manyoya ya mbega huigizwa kwa ngozi ya mbuzi mwenye nywele ndefu. Bora mbuzi aliyetangazwa katika kijitabu cha programu kuwa ni mbuzi kuliko mbega asiyesemwa.

* * *

Upande wa washambuliaji una urahisi wake. Waganda wanahitaji kitambaa cha gome, kinachotengenezwa kwa kuponda gome la ndani la mti wa mutuba, aina ya mkuyu, mpaka liwe laini na pana. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na kitambaa chenyewe bado kinatengenezwa nchini Uganda, umbali usio wa kutisha kwa mtu aliye Bungoma mwenye nauli ya kuvuka mpaka wa Malaba. Lakini kufikia 1895 Waganda wengi walikuwa wamekwisha kuingia katika kanzu na nguo za pamba, kwa hiyo kuwavika wote magome ni kuwarudisha nyuma kuliko walivyokuwa.

Nguo ya pamba iliyotawala njia za misafara ilikuwa merikani, kitambaa imara kisichopaushwa ambacho asili yake ni viwanda vya Massachusetts, kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Mwenye duka la vitambaa akiombwa pamba isiyopaushwa ataelewa. Hatari ni kukubali mchanganyiko wa polista, ambao hung'aa chini ya taa na hujikunja kwa namna ambayo pamba haijikunji.

Kwa shanga, jaribio ni jepesi. Za plastiki hutoka katika kalibu zikiwa sawa kabisa, nyepesi, na mara nyingi zina mstari mwembamba pale nusu mbili zilipokutana. Za kioo, kama zile zilizotengenezwa Venice na kuuzwa bara na misafara ya Waswahili, zilikatwa kutoka katika mirija iliyovutwa, hivyo hazilingani urefu, na zikiguswa kwa ulimi huwa baridi.

* * *

Makumbusho ya Kitale ndiyo mahali pa kwenda na futi mkononi kabla ya kulipa fundi yeyote. Yalianza mwaka 1926 kama mkusanyo wa binafsi wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa wadudu, ndege na vitabu, ambaye alifariki mwaka 1966 akiwa ameusia mkusanyo huo kwa taifa pamoja na fedha za kuujengea nyumba, na jengo jipya likafunguliwa Desemba 1974. Uani mna mifano ya maboma ya jamii za eneo hili. Faida ya kitu kilicho nyuma ya kioo ni kwamba kina unene, jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha.

Vitabu navyo vina kazi yake, mradi tarehe zake zisisahauliwe. Joseph Thomson alipita Kavirondo mwaka 1883, miaka 12 kabla ya Chetambe. Harry Johnston alichapisha mwaka 1902 kitabu chake juu ya Uganda, chenye picha nyingi. Günter Wagner aliwachunguza Wabukusu na Walogoli katika miaka ya 1930, wakati ambapo kaptula, kodi na misheni vilikuwa vimekwisha kubadili mambo mengi. Wagner ndiye makini kuliko wote na ndiye aliye mbali zaidi na vita, na anayemfuata bila kuhesabu miaka atavisha babu nguo za mjukuu.

* * *

Kuna vifaa ambavyo havihitaji kutafutwa makumbusho kwa sababu bado viko kazini. Chinyimba, kengele za chuma ambazo mvulana anayekaribia jando huzigonga kwenye bangili za chuma alizovaa mikononi, husikika Bungoma na Trans Nzoia kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na mafundi wanaozitengeneza wanajua uzito na mlio unaotakiwa kuliko mtaalamu yeyote. Vikundi vya maigizo huzinunua kwa urahisi, na pengine urahisi huo umezidi. Kengele hizo ni za omusinde, yaani mvulana asiyetahiriwa bado, kwa hiyo kumfungia mpiganaji mwenye mke na watoto ni kumvua utu uzima mbele ya watazamaji wanaojua. Vivyo hivyo mavazi ya msemaji wa kumuse, hotuba ya kimila inayotolewa baada ya mazishi ya wazee wenye hadhi, si ya kuazimwa kwa tamthilia hata kama mwenyewe amekubali bei.

* * *

Kwa mwongozaji mwenye fedha kidogo na hamu kubwa ya usahihi, liko pendekezo moja lisilopewa nafasi ya kutosha: aache 1895 na aigize 1947. Mwaka huo Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa na mchezaji mashuhuri wa soka wa wakati wake, aliongoza umati wa maelfu ya watu kupanda Chetambe kuwaombolezea waliouawa pale. Waliopanda walikuwa watu wa kaptula, makoti, kofia na magauni ya vitambaa vya maduka ya Wahindi, wengine wakiwa wamerudi vitani na makoti ya jeshi, na karibu kila kimoja hupatikana katika mitumba ya Kitale kwa mtu mwenye subira ya kupekua, ilimradi akague vifungo visiwe vya plastiki na zipu isiwepo mahali pa vifungo. Kinachosalia kutafutwa ni sare za polisi wa kikoloni, ambazo zitahitajika kwa sehemu ya pili, maana Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa Masinde huko Malakisi. Na hizo, kwa kuwa zina picha za kutosha, fundi cherehani mzuri anaweza kuzikata kwa khaki ya pamba.