Hondohondo Naye Atundikiwe Mzinga

Hondohondo ana mdomo mkubwa, lakini hawezi kujichimbia tundu la kutagia. Hutegemea mvungu uliotokea tawi lilipokatika na shina kuoza. Jike huingia humo, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi, ukabaki ufa mwembamba tu, na kwa wiki nyingi dume humlisha kupitia hapo. Pasipo mti mzee, hakuna mlango wa kuziba wala kinda.

Miti ya namna hiyo ndiyo inayotangulia kuangushwa kwa ajili ya mbao, mkaa na kuni. Mikaratusi inayopandwa mahali pake huvunwa kabla shina halijafikia umri wa kuwa na tundu. Bundi, kasuku na komba nao hukosa pa kulala.

Morisi ilishapita njia hii. Msitu wa asili ulifyekwa hata kasuku wa kijani wa kisiwa hicho, asiyepatikana kwingine duniani, akapungua kiasi kwamba katika miaka ya 1980 hawakufika hata ishirini. Wahifadhi walilea makinda, wakapambana na panya, wakatundika masanduku ya mbao katika msitu wa Black River Gorges. Leo kasuku hao wamezidi 700, na wengi huanguliwa masandukuni. Kazi, hata hivyo, haikuishia kwenye kutundika: sanduku lisilokaguliwa huvamiwa na nyuki, panya au ndege wa kigeni.

Afrika Mashariki ina mafundi tayari. Tabora na Kitui, watu wamechonga magogo na kuyatundika mitini kwa ajili ya nyuki tangu enzi za mababu. Mikono hiyo hiyo inaweza kutengeneza viota: tundu linalolingana na ndege anayekusudiwa, mbao nene za kuzuia joto, vitobo vya kutolea maji na mfuniko unaofunguka ili kusafishwa. Warina asali walipwe kwa kazi hii, hasa katika misitu inayorejeshwa, ambako miti michanga itahitaji miongo mingi kupata mivungu.

Ila sanduku lisigeuzwe kibali cha kukata. Mbao huoza baada ya miaka michache. Mbuyu huhifadhi viota vizazi na vizazi. Mamlaka za misitu Tanzania na Kenya ziandike katika mipango ya uvunaji ni miti mingapi mizee na mikavu itaachwa kwa kila hekta, na ipigwe alama kabla msumeno haujaingia msituni.