Siku Moja ya Kuuliza



Wazee wetu hapa Ufipa hawajasahau habari za manamba. Enzi za ukoloni vijana wa uwanda huu waliandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine walivuka mpaka kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Siku hizi mabinti zetu nao huitwa kwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba. Mara nyingi dalali huwapa siku chache tu: picha, pasipoti, basi la Dar es Salaam, kisha ndege.

Hatumzuii mtu kusafiri. Katika waraka wake wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kuwa binadamu ana haki ya kuondoka nchini kwake kutafuta maisha bora. Lakini twajiuliza: haraka hii yamfaidi nani? Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema kuwa waajiri waliwanyang'anya pasipoti. Wengi walifanya kazi kwa saa nyingi bila siku ya kupumzika, na walilipwa pungufu ya walivyoahidiwa.

Basi, kabla ya kuuza ng'ombe au mahindi kwa ajili ya safari, familia ijipe siku moja ya kuuliza. Je, wakala amesajiliwa, kama sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999 inavyodai? Ofisi ya serikali inayoshughulikia huduma za ajira ndipo mahali pa kuuliza. Je, mkataba u katika lugha anayoielewa msafiri, na unataja mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko? Nakala za mkataba na pasipoti, pamoja na anwani ya mwajiri, zimebaki nyumbani? Namba ya Ubalozi wetu wa Muscat ameishika kichwani, maana simu huweza kuchukuliwa?

Viongozi wa Jumuiya Ndogondogo, msingoje kuarifiwa binti akiisha kuondoka. Someni mkataba pamoja naye, na mtafuteni baada ya wiki ya kwanza. Dalali asiyekubali kungoja siku moja ili aulizwe maswali haya, amekwisha kuyajibu.